Umande wa Isumba

Niliandika mimi. Kalamu ya bluu, daftari la mistari,
miaka kumi na tisa, mwandiko wangu hauna doa.
Gunia la kilo ishirini, mshale ulisema kumi na sita,
nami niliandika kumi na sita.
Nne zimekwenda wapi? Umande, tulisema.
Huku Rungwe umande unakula kuliko ng'ombe.

Ambakisye Mwalukasa alikuwa mwenyekiti
tangu barabara ya Katumba ilipokuwa tope tupu.
Ukutani picha zake sita:
masharubu meusi, ya majivu, meupe,
kiti kilekile.
Mkewe alifunga ufunguo wa kasha kwenye pindo la kitenge.
Mwanawe wa kwanza mweka hazina. Mkwewe mwenye lori.
Kitindamimba, ambaye hajachuma jani hata moja,
tulimwita naibu, naye akaitika.
Uchaguzi ulikuwepo, msiseme haukuwepo.
Mikono ilinyooshwa, mimi nikaihesabu,
na mikono nayo nikaitoa umande.

Mwaka ule redio ya Gwakisa, fundi baiskeli,
ilisema katika nchi ya mbali rais amekimbia usiku,
yeye, mke, wakwe, na mbwa wao,
kikombe kimeachwa mezani kinafuka moshi.
Kesho yake likabandikwa tangazo:
ni marufuku redio ghalani, betri zinaharibu majani.
Nililiandika mimi.

Jumatatu, mwezi wa sita, ukungu umekaa hadi saa nne.
Sekela alitoka zahanati, mtoto mgongoni.
Hakupiga kelele.
Alimwaga chai yake chini, akafungua gunia,
akamtia Lusajo ndani, kichwa nje,
akamtundika kwenye ndoano yetu.
Mtoto akacheka, akabembea.
"Kadi inasema kumi na moja na nusu. Haya karani, soma."
Mshale ulisimama penye tisa na kitu,
ukatetemeka kama mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu.
"Kutoka zahanati hadi hapa ni hatua mia tatu.
Mwanangu amekonda njiani?"

Kimya. Kisha bibi Tulinagwe, asiye na jino:
"Labda ni umande."

Nimesikia mabomu ya machozi kwenye habari,
nimesikia umati wa miji mikubwa.
Sijasikia kitu kilichobomoa ukuta
kama kile kicheko.

Waliketi juu ya magunia yao, siku tatu.
Lori lilikuja, likaondoka tupu.
Chai ikapata joto, ikawa nyeusi, ikanuka,
na ile ilikuwa karo, ilikuwa chumvi, ilikuwa dawa ya Lusajo.
Wapo waliolia usiku. Wapo waliotaka kurudi shambani.
Askari wawili walifika kwa pikipiki kutoka Tukuyu;
mmoja mama yake ni mchumaji,
akatazama viatu vyake mpaka mwenzake akawasha.

Usiku wa nne mbwa walibweka, lori likashuka mteremko
bila taa.
Asubuhi kasha halipo. Picha hazipo.
Ukutani miraba sita myeupe.

Hawakunipiga. Ingekuwa nafuu.
Sekela alinipa daftari langu, akasema: soma, kwa sauti,
jina kwa jina, mwaka kwa mwaka.
Nilisoma kutwa mbili. Wengine walikwisha zikwa,
wakaitikiwa na watoto wao.
Nilipofika mwisho niliongeza lisiloandikwa:
usiku mkwewe alipokaza springi ya mizani,
tochi niliishika mimi.
Tulinagwe akasema "ndaga", akajifunika kanga, akaenda.

Sasa kila Jumatatu, kabla ya chai,
tunampima mtoto mwenye kadi.
Lusajo hafai tena, ana miguu mirefu, yuko la kwanza.

Sekela yupo mwaka wa nne kitini.
Juzi aliutazama ukuta, akasema taratibu,
"Picha moja tu, karani, ina ubaya gani?"
Sikumjibu.
Haikuwa Jumatatu,
lakini nilitoka kumtafuta mtoto.